Nani Analipia? Maneno yangu kwa wajumbe wa kamati za shule

Baadhi ya wajumbe walikwama njiani kwa mvua, wakaniomba niyaandike niliyoyasema. Nayaweka yote kama yalivyotoka. Kelele za jenereta tu ndizo nilizoziacha.

Ndugu Mwenyekiti, Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, na ninyi akina mama mliokuja na watoto mgongoni. Walionizidi umri, shikamooni. Naona ni wawili tu, na mmoja kashasinzia. Basi wengine wote, marahaba.

Nimeambiwa nizungumzie sera ya elimu. Nikamuuliza Afisa: ipi? Mimi nilishika chaki mwaka 1976, nikaiweka chini mwaka 2020. Katika miaka hiyo nimeona karo ikirudi na ikifutwa tena, jembe likiingia shuleni na likitoka, mtihani wa majaribio ukipigwa marufuku huku tunautunga. Kila mabadiliko yalikuja na waraka, na kila waraka ulikuwa na sababu nzuri.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Sijawahi kusoma waraka wa elimu ulioandikwa kwa nia mbaya. Shida ni kwamba mema yako mengi na fungu ni moja. Usawa ni mwema. Ubora ni mwema. Maadili ni mema. Uhuru wa mzazi kumchagulia mwanawe ni mwema, umoja wa taifa ni mwema. Waketishe wote kwenye sinia moja uone watakavyogombea tonge. Mmoja akishiba, mwingine analala njaa, na anayelala njaa ana jina na ana dawati darasani kwako. Sisi huuliza, "Sera hii ni nzuri?" Mimi nawaomba leo tuulize lingine: nani analipia?

Turudi Musoma kwanza. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa pale ikaamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe ameanza. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Kalenda ikarushwa miaka 12 kwa kikao kimoja. Sasa walimu watoke wapi, ndugu zangu? Walitoka kwetu, sisi tuliomaliza darasa la saba. Mimi nilimaliza mwaka 1975, na mwaka uliofuata nikaitwa mwalimu. Asubuhi nafundisha, mchana nafundishwa.

Nilipangiwa kijiji kipya kabisa, cha Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa wakae pamoja vijijini, huku kwetu Singida. Kuta za nyumba zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Darasa langu lilikuwa mkwaju. Ubao tuliufunga tawini kwa kamba ya katani, na upepo wa mwezi wa saba ukiuvumia unageuka, hesabu inaangalia mlimani. Watoto walikuwa 93. Kijana mmoja alikuwa na ndevu, akawa ananiita "dada". Nikamwambia niite mwalimu. Nilikuwa na miaka 16.

Siku moja nilifundisha kujumlisha sehemu. Nilikuwa nimesahau habari ya asili na kiasi, nikajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nusu na nusu, nikaandika mbili ya nne. Darasa zima likanakili, wenye daftari kwenye daftari, wasio nalo kwa kijiti kwenye vumbi. Baada ya wiki mbili akaja mkufunzi wetu, akautazama ubao, akaniuliza taratibu watoto wasisikie: "Mwalimu, nikikupa nusu mkate, halafu nikakuongeza nusu mkate, umebaki na nusu mkate ileile?"

Mnacheka. Nami leo nacheka. Lakini watoto 93 waliutembeza mkate ule wiki mbili nzima, na sijui wangapi wanautembeza hadi sasa. Mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa kwa Kiingereza UPE, na watu walitutania kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani ule uliuma kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani yake. Tulikuwa Daraja la Tatu C, na wengi tulipanda hadi A tukiwa tumeshazeeka.

Je, Musoma walikosea? Nimejiuliza hilo miaka mingi. Yule kijana wa ndevu, kufika mwaka wa pili alikuwa anamsomea mama yake barua za kaka yao aliyekuwa mashamba ya mkonge Tanga. Kabla ya hapo mama yule alikuwa anaipeleka barua kwa karani wa kijiji, na kijiji kizima kinajua mwanawe ameomba nini. Angengoja mwaka 1989? Mngeniambia leo nichague, ningechagua vilevile walivyochagua wao. Ninachowalaumu ni kwamba hakuna aliyewaambia wazazi wale: tunawapa wote, kwa hiyo kila mmoja atapata nusu. Waliambiwa wanapata mkate mzima.

Na tumerudia. Karo ya msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza, wanafunzi wa msingi walitoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Nilikuwa na darasa la kwanza lenye mtoto wa miaka 7 na mwenzake wa miaka 13 kwenye dawati moja. Kisha zikaja sekondari za kata. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 1,300, mwaka 2008 zikazidi 3,700. Walimu wa kuzijaza wakapikwa haraka haraka, mtaani wakabatizwa vodafasta, jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapchap. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na daraja sifuri, nchi nzima ilishika kichwa. Tume ikaundwa, alama zikapangwa upya. Mimi nilikaa nikamkumbuka mkufunzi wangu na nusu yake ya mkate.

Haya, sasa niwape kisa ambacho wengi hawapendi kukisikia, hasa mbele ya watu wa Kilimanjaro. Naona wapo, karibuni sana.

Wakoloni na wamisheni walijenga shule palipokuwa na baridi, kahawa na makanisa. Moshi, Bukoba, na kwingine kwingine. Sisi wa Singida tulibaki na vumbi letu. Watoto wa Kiislamu nao katika sehemu nyingi hawakuwa na mlango, kwa sababu mlango ulikuwa wa misheni. Baada ya uhuru serikali ikaona hivi haiwezi kuwa nchi moja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule zile mikononi mwa serikali, na nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mgao wa kimkoa. Kila mkoa ukapewa fungu lake, hata kama alama za watoto wake ni za chini.

Mdogo wangu alimaliza darasa la saba mwaka 1978. Akachaguliwa. Nyumbani kulichinjwa beberu, na jina lake likatajwa msikitini na kanisani, kote kuwili, maana kijiji kizima kilikuwa hakijawahi kupeleka mtoto sekondari.

Mwaka 1986 akaletwa mwalimu mpya shuleni kwetu, kijana wa Marangu. Tukazoeana. Jioni moja tunasahihisha madaftari kwa taa ya chemli, tukagundua kwamba yeye na mdogo wangu walifanya mtihani mwaka mmoja. Mwalimu wake mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba kwa alama zake, angekuwa mtoto wa mkoa mwingine angeshapita. Baba yake akauza ng'ombe, wazazi wenzake wakachanga pesa za kahawa, wakajenga sekondari yao. Akasoma hapo, akaingia chuo cha ualimu, kisha wizara ikampangia Singida. Aliniambia, "Dada, alama zangu zilitangulia huku, mimi nikazifuata baada ya miaka minane." Tulicheka, tukanyamaza, tukaendelea kusahihisha.

Ndugu zangu, nani kati ya hao wawili alikuwa na haki? Mdogo wangu hakuchagua kuzaliwa kwenye ukame. Yule kijana hakuchagua kuzaliwa kwenye migomba. Serikali iliweka usawa wa mikoa juu ya haki ya mtoto mmoja mmoja, na mimi, kwa kuwa beberu lilichinjwa kwetu, siwezi kujifanya sina upande. Lakini angalieni kilichofuata. Uhuru wa mzazi ulipofungiwa mlango uliingilia dirishani. Kilimanjaro ikajaa sekondari za wazazi, wenye kahawa wakasonga mbele tena, na umbali uliokusudiwa kufutwa ukarudi kwa njia nyingine. Kila jema unalolisukuma nje litatafuta pa kuingilia.

Nije kwa mambo ya karibu, maana naona mwenyekiti anaangalia saa.

Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Nilikuwa mwalimu mkuu. Nishukuru kwanza, kwa sababu lazima niungame: mimi nimewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa shilingi 500 ya mlinzi. Mtoto wa darasa la tatu. Alitembea kilomita nne kwenda, hakurudi siku hiyo wala ya pili. Mchango wa mlinzi, mchango wa dawati, mchango wa karatasi za mtihani, ukiijumlisha yote inaizidi karo yenyewe. Kwa hiyo waraka uliposema mchango wa lazima basi, nilipumua.

Wiki ya pili akaja mzazi kudai debe lake la mahindi.

Tulikuwa na uji wa saa nne. Kila mzazi debe moja la mahindi kwa mwaka na hela kidogo ya sukari na mpishi. Mzazi yule akasema, "Mwalimu, nimesikia redioni ni bure." Nikampimia debe lake, nikamrudishia. Kesho yake wakaja sita. Kufika mwezi wa tatu mpishi kaondoka, na lile sufuria kubwa tukaligeuza kifudifudi stoo. Kuku wa jirani akapata tundu chini yake, akataga. Januari 2018 Rais Magufuli akakaza zaidi: mwalimu asishike mchango wowote, anayetaka kuchangia aende kwa mkurugenzi. Sasa niambieni, mama mwenye debe la mahindi kichwani atapanda basi kwenda kwa mkurugenzi?

Wajumbe, saa tano asubuhi darasa la kwanza walikuwa wanalala juu ya madaftari. Watoto wa kitongoji cha mbali wakitoka saa sita hawarudi tena. Kapitesheni, ile ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi? Tangu siku za MMEM hesabu ilikuwa dola 10 kwa mtoto, ambayo wakati ule ilikuwa kama shilingi 10,000. Mwaka 2016 ilikuwa bado shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 6,000 zinakuja shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Dola imepanda, unga umepanda, 10,000 imekaa palepale kama nguzo ya simu.

Mzazi maskini aliokolewa na waraka ule. Hilo ni kweli na sitalikana. Aliyelipia ni mtoto wa mzazi huyohuyo, kwa tumbo lake.

Sasa jambo la mwisho kubwa. Hili nimelibeba muda mrefu, na naomba mnivumilie.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mkuu katika shule nyingine. Siku zile nesi wa zahanati alikuwa anakuja kila baada ya miezi kadhaa, wasichana wa madarasa ya juu wanapanga foleni, wanapapaswa matumbo. Msichana mmoja wa darasa la saba akakutwa mjamzito. Alikuwa wa tatu darasani. Kamati ikakaa, kamati kama hii yenu. Wale wazazi hawakuwa makatili, msije mkadhani hivyo. Walikuwa na mabinti wao, wakaogopa. "Akibaki, wengine watajifunza nini?" Jema lao lilikuwa maadili, na maadili ni mema, nimeshasema. Muhtasari uliandikwa ukurasa mmoja na nusu. Aliyempa mimba hakutajwa hata mara moja.

Barua ya kumfukuza niliiandika kwa mkono wangu, nikatia saini, nikagonga muhuri.

Jina lake lilikuwa limeshapelekwa kwenye orodha ya mtihani, namba yake imetoka. Siku ya mtihani, taratibu zinataka dawati la kila namba liwekwe hata kama mtahiniwa hayupo. Tukaweka dawati. Namba imeandikwa kwa chaki pembeni. Msimamizi akaita namba, kimya. Akaita tena. Siku mbili za mtihani nilikuwa napita dirishani naliona dawati lile.

Juni 2017, Rais alisema hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Wengi walipiga makofi, na ninyi baadhi yenu mlipiga, nilikuwepo. Machi 2020 Benki ya Dunia ikapitisha mkopo wa dola milioni 500 kwa sekondari zetu, katikati ya kelele za wanaharakati wa ndani na nje kwamba mkopo usitoke wakati mabinti wamefungiwa nje. Novemba 2021 wizara ikatangaza kwamba anayezaa anaweza kurudi katika shule ya kawaida. Wapo waliosema tumenunuliwa na dola. Mimi nasema dola ilikuwa mezani kweli, lakini dawati tupu lilikuwepo karibu miaka 24 kabla ya dola hiyo, na halikuhitaji mzungu alione. Tulikuwa tunaliona sisi.

Waraka umebadilika. Je, kwenye kata hii wamerudi wangapi? Afisa, unazo takwimu, lakini sikulazimishi. Wajumbe ninawauliza ninyi. Binti akirudi na mtoto wa miezi saba, mtoto anakaa na nani saa za vipindi? Mwenzake akimtania "mama fulani", mwalimu wa zamu anafanya nini? Waraka haukuyaandika hayo. Mtayaandika ninyi au hayataandikwa.

Lugha nitaipitia mbio, maana tukianza hatutoki. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili. Serikali ikakataa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekifikisha Kiswahili hapa kilipo, akasema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Milango ya watu binafsi ilipofunguliwa miaka ya tisini, shule za ingilishi midiamu zikaota kama uyoga, na sisi tulioimba Kiswahili jukwaani tukapanga foleni langoni mwake. Nasema "tukapanga" kwa sababu nilikuwepo kwenye foleni. Mwanangu wa mwisho nilimpeleka huko kwa mkopo wa SACCOS ya walimu, asubuhi namvisha soksi nyeupe, kisha natembea kwenda kufundisha watoto wa wenzangu kwenye shule ya kayumba, yaani ya serikali. Sina la kujitetea.

Sasa imekuja sera mpya, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 31 Januari 2025. Msingi miaka sita badala ya saba, elimu ya lazima miaka 10, na mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, yapewe nafasi yake. Nimeisoma. Ni nzuri. Mnajua sasa ninavyolisema neno hilo. Madarasa mawili yatatoka msingi mwaka mmoja, la sita na la saba kwa pamoja. Watakaa wapi? Amali inataka cherehani, randa na vyuma vya kuchomelea. Vitalindwa na nani, na mlinzi analipwa na mchango upi ambao ni marufuku?

Basi. Baada ya chai mtagawanyika vikundi mjaze mpango kazi wa shule zenu. Fomu mnayo. Ina safu mbili, shughuli na gharama. Chukueni rula na kalamu, chorani safu ya tatu pembeni, pale penye nafasi. Juu yake andikeni: nani analipia. Mkiandika "kambi ya darasa la saba", safu ya tatu iseme ni darasa la pili litakalokosa mwalimu mchana. Mkiandika "uji", semeni ni nani asiye na debe, na debe lake litatolewa na nani. Mkiandika "nidhamu", andikeni majina ya waliotoka shuleni mwaka jana, wavulana kwa wasichana, msiandike idadi.

Afisa atawauliza safu hii imetoka wapi, haimo kwenye mwongozo. Mwambieni ni ya mwalimu mmoja wa Daraja la Tatu C. Kalamu ziko mezani kwa mhasibu, na mpishi ananionyesha kwa mkono kwamba maandazi yanapoa.